Nyota ya karatasi na ndoo ya mchele

Kila Desemba inapokaribia, katika mazungumzo ya Watanzania tunaoishi Ujerumani hurudi lawama ileile: kwamba wenyeji wa huku hukaa na watoto wao wakakata karatasi, wakaoka biskuti na kufuma soksi za kugawa wakati wa Krismasi, ilhali nyumbani tumebaki kununua mapambo ya plastiki yanayong'aa na kuyatupa ifikapo Januari. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini naiona imepinda, kwa sababu inaihesabu kazi ya mikono pale tu inapowekwa mezani ikiwa imefungwa utepe, na kuipita kazi ya mikono inayosafiri ndani ya ndoo yenye mfuniko kwenye buti la basi.

Ninaishi Saksonia, mashariki mwa Ujerumani, na nilikulia Rungwe, katika usharika wa Kanisa la Moravian. Sehemu hizi mbili zina undugu ambao wenzangu wengi hawaujui. Herrnhut, mji mdogo ulioanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia, eneo ambalo leo liko Ucheki, katika ardhi ya Zinzendorf, kabaila aliyewapokea, uko hukuhuku Saksonia, na kanisa lililoinukia hapo ndilo lililowatuma wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Kwetu jina la Herrnhut ni somo la historia ya kanisa. Huku, ukilitaja mwezi Desemba, mtu hafikirii injili wala Zinzendorf, anafikiria nyota.

Nyota yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Ile ya kawaida ina ncha 25 za karatasi, 17 zenye kitako cha pembe nne na 8 zenye kitako cha pembe tatu, zote zikizunguka kiini kimoja chenye taa ndani yake, na pale ambapo ingekaa ncha ya 26 huachwa wazi ili waya upite. Ilianza mwanzoni mwa karne ya 19 katika shule za bweni za Wamoravian, ambako ilitumika kuwafundisha watoto jiometria, na miongoni mwa watoto hao walikuwamo wana wa wamisionari ambao wazazi wao walikuwa ng'ambo kwa miaka mingi. Pambo ambalo leo huonekana kuwa alama ya utulivu wa nyumba ya Kijerumani lilikunjwa kwanza na watoto waliolala mbali na nyumbani kwao. Mwishoni mwa karne hiyo Pieter Hendrik Verbeek akabuni nyota ya vipande ambayo mnunuzi huiunganisha mwenyewe, na kazi ya bwenini ikawa bidhaa.

Hapo ndipo ninapotaka wanaotulaumu wasimame kidogo. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita kazi ya mikono ya Wajerumani hupitia dukani. Ziko karatasi za pekee za kukunjia, karatasi ang'avu za kubandika dirishani, gundi ya aina hii na ile, riboni, nyuzi za dhahabu, mifuko midogo 24 yenye namba kwa ajili ya kalenda ya Majilio, yaani majuma ya kuingojea Krismasi, ambayo mzazi atamjazia mtoto zawadi moja kwa kila siku hadi mkesha wa Krismasi. Ukikusanya vyote hivyo kwenye kikapu na kwenda kulipa, utaona kwamba nyota ya kutengeneza mwenyewe inaweza kukugharimu kuliko ile iliyokwisha kutengenezwa. Si kasoro, ni namna yao ya kutumia fedha kununua nafasi ya kukaa pamoja. Ila tusiseme kwamba wao wana moyo na sisi tuna pochi.

Kinachowasaidia kuliko vyote ni jinsi mwezi wenyewe ulivyopangwa. Jumapili maduka hufungwa kwa sheria, na Majilio yana Jumapili nne. Saa kumi jioni jua limeshazama Saksonia, baridi iko mlangoni, na hakuna shamba linalomngojea mtu. Shule hazijafungwa mpaka siku chache kabla ya Krismasi, kwa hiyo mwalimu ana wiki tatu nzima za kuwakalisha watoto mezani. Katika chekechea wazazi huitwa alasiri moja kuja kutengeneza mapambo na watoto wao, na sijawahi kuona mkutano wa wazazi wenye nidhamu kama huo: akina baba wenye suti, magoti yamefika kifuani kwa sababu viti ni vya watoto wa miaka minne, kila mmoja ameshika mkasi usio na ncha na kukata taratibu kufuata mstari, huku mtoto wake akimwonya kwamba ametoka nje ya alama. Chai ya matunda inazunguka. Hakuna anayetazama saa. Jamii nzima imekubaliana kwamba alasiri hiyo si ya kazi nyingine.

Sasa nenda Rungwe katika wiki zilezile. Mvua imeshika, mahindi na maharage yanadai palizi, shule zimefungwa na watoto wote wako nyumbani, wageni kutoka Dar es Salaam na Mbeya mjini wanahesabiwa magodoro watakayolalia, na kila mwenye cherehani amezidiwa na vitambaa ambavyo wenyewe wanataka viwe nguo kabla ya ibada ya tarehe 25. Mama wa nyumba hiyo hawezi kupata Jumapili nne za kukunja karatasi hata ukimpa karatasi zote za Ujerumani. Anachokifanya kwa mikono yake ni kuchambua mchele wa Kyela, kukaanga karanga, kukausha maharage, kufunga mkungu wa ndizi kwa kamba ya mgomba usichubuke njiani, na kuweka vyote katika ndoo ambayo mgeni ataondoka nayo. Hiyo ni zawadi ya kutengenezwa nyumbani kwa maana kamili ya neno hilo. Ni mazao ya mikono yake tangu kupanda.

Mfano ninaoupenda zaidi ni vitambaa vya kroshia. Shangazi yangu hufuma kimoja kwa majuma mengi, jioni baada ya kazi za shamba, uzi mweupe na maua ya rangi ya chungwa pembeni. Akimaliza hukifua, hukitumbukiza katika uji mwepesi wa wanga, hukikamua, kisha hukitandaza juu ya meza na kuinua pindo zake moja moja kwa vidole ili zikaukie zikiwa zimesimama kama mawimbi. Kitambaa hicho kikiwekwa juu ya meza ya bibi harusi au ya mtoto aliyehamia nyumba mpya, kinakaa miaka. Nimeingia masoko ya Krismasi ya huku, nimeona kazi za mikono zikiuzwa chini ya taa nzuri, na sikuona nyingi za kuishinda ile.

Lakini, na hapa ndipo ninapogombana na nyumbani, hakuna anayemshukuru shangazi jinsi anavyostahili. Kijana akitoka mjini na bati la biskuti za dukani, hukaribishwa kwa shangwe, bati huwekwa juu ya kabati ili wageni walione, na tutalitumia kuhifadhia sindano na vifungo kwa miaka kumi ijayo. Shangazi akitoa kitambaa chake, husikia «ahaa, umetuletea na kitambaa», kisha mazungumzo yanaendelea. Ndoo ya mchele haihesabiwi kabisa kuwa zawadi, inaitwa mzigo. Tumezoea kwamba muda wa mama, wa bibi na wa shangazi ni wa bure, kwa hiyo chochote kinachotoka katika muda huo tunakiona cha bure pia. Huku niliko, muda wa mtu una bei ya saa inayojulikana, na ndiyo maana jirani akikupa chupa ya jamu aliyopika mwenyewe, yenye karatasi ndogo iliyoandikwa kwa mkono jina la tunda na mwaka, unaipokea kwa mikono miwili. Thamani haiko katika jamu. Umeona saa alizozitoa.

Kadi za Krismasi zinathibitisha jambo hilo kwa namna ya kuchekesha. Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapwa kwa biashara ilitokea London mwaka 1843, pale Henry Cole, mtu mwenye shughuli nyingi aliyeona hawezi kuwaandikia barua watu wote aliodaiwa majibu, alipomwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha ya kuchapwa. Kadi, ambayo kizazi chetu kiliitundika kwenye uzi ukutani sebuleni kama ushahidi wa kukumbukwa, ilizaliwa kwa sababu ya kukosa muda. Leo hata kuiweka sahihi tumeona ni kazi, tunatumiana picha ileile ya mshumaa kwenye simu, na mtu mmoja anaweza kuipokea mara saba kutoka kwa watu saba ambao hakuna hata mmoja aliyeongeza neno.

Tusijidanganye kwamba hatuna mikono ya karatasi. Mtoto wa kwetu anatengeneza tiara kwa njiti na gazeti, anaibandika kwa punje za wali uliobaki, na inapaa. Anatengeneza gari la boksi lenye magurudumu ya vifuniko vya soda, na usukani unageuka. Muuza karanga anakunja kifuko cha ukurasa wa daftari, chenye hesabu za mwanafunzi ambazo hazikumalizika, kwa mikunjo miwili tu, na hakimwagiki. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, karatasi imerudi sokoni kwa nguvu zaidi. Kinachokosekana si ustadi wala malighafi. Ni kwamba ustadi huo tumeuweka upande wa michezo ya watoto na riziki ya wachuuzi, na tunapotaka kupendeza tunakwenda kununua kitu kingine. Kanisani kwetu vijana walikuwa wakikesha kupamba kwa karatasi za rangi, wakikata vipande, wakiunganisha mnyororo kutoka mhimili hadi mhimili, na migomba ikisimamishwa mlangoni. Sharika nyingi sasa huona mambo hayo kuwa ya zamani. Maua ya plastiki yamechukua nafasi, na ni kweli hudumu, lakini yanadumu pamoja na vumbi lake.

Niliwahi kumpelekea shangazi nyota ya karatasi kutoka huku, ile ya kuunganisha mwenyewe. Akanipigia simu: «Mwanangu, nimeipokea, ni nzuri sana, Mungu akubariki. Ila mwakani ungetuma uzi.» Jibu hilo naliona lina akili kuliko mijadala yetu mingi. Hakukataa kitu kilichotengenezwa. Alikuwa ananiambia kwamba yeye ni mtengenezaji, na mtengenezaji hupelekewa vifaa. Sisi tulio ng'ambo tunabeba mabegi ya vitu vilivyokwisha kumalizika, tukiamini kwamba tunawapelekea utamaduni wa kazi ya mikono. Uzi mzuri wa pamba, mikasi inayokata, karatasi nene ya rangi, sindano za kroshia za namba tofauti: vitu hivyo ni vyepesi, haviharibiki, na vitafanya kazi kuanzia Machi, wakati uzi wa sikukuu unapoanza kufumwa kweli, badala ya kusubiri wiki ya mwisho.

Kwa walimu wa shule ya Jumapili nina pendekezo moja, kwa kuwa watoto wamefunga shule na kalenda za ukutani zinakwisha kazi yake mwezi huohuo. Iko nyota ndogo ambayo Wajerumani wameipa jina la Friedrich Fröbel, mwalimu aliyeanzisha chekechea mwaka 1840, na haihitaji gundi hata tone. Chukua kalenda iliyokwisha, isiyo ngumu sana, ukate vipande vinne vyenye upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 60, sawasawa kabisa, maana kipande kimoja kikizidi nyota yote inapinda. Kunja kila kimoja katikati, kata mishazari kwenye ncha ili ipenye kwa urahisi, kisha visuke vinne hivyo kwa kupitisha kimoja katikati ya kingine mpaka upate mraba mdogo uliokazika. Kutoka hapo kila mkia unakunjwa pembeni, unakunjwa tena kuwa pembetatu, na ncha yake inarudishwa ndani ya msuko. Upande mmoja kwanza, halafu unageuza. Zikikamilika utakuwa na ncha nane za kulala na nane za kusimama. Za kulala watoto wa miaka minane wanaziweza. Za kusimama ndizo zinazosumbua, kwa sababu karatasi inapaswa kuviringwa bila kukunjwa na kuchomekwa mahali usipopaona, kwa hiyo waite wale bibi wa usharika wanaosuka mikeka na vikapu waje wakae na watoto. Wataielewa haraka kuliko mimi nilivyoielewa, na ninaomba siku hiyo wapewe viti vya mbele.