Kila Chenye Akili Huhama Minnesota

Ukimuuliza mkazi wa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, jimbo lake limepungukiwa na nini ili likamilike, hatakujibu papo hapo, kwa kuwa watu wa huku wana adabu kupita kiasi na ni lazima kwanza walisifu: hospitali zake, njia za baiskeli, na nguo zisizotozwa kodi ya mauzo. Mngoje amalize kahawa. Ndipo atakapofunguka kwamba hatuna bahari, kwamba mlima wetu mrefu kuliko yote una mita 701 tu, na kwamba timu yetu ya kandanda ya Kimarekani, Vikings, imecheza fainali ya Super Bowl mara 4 na mara zote 4 imerudi mikono mitupu. Mke wangu, mzaliwa wa Likoni kama mimi, huongeza embe lililoivia mtini, kisha husonya.

Mimi nina kauli nyingine. Jimbo hili halikunyimwa kitu. Kasoro yake ni kwamba kila chenye akili, kikishapata nauli, huhama.

Tazameni mto Mississippi. Unazaliwa papa hapa, katika Ziwa Itasca, mahali ambapo hata mtoto huuvuka kwa kukanyaga mawe, lakini mara tu unapopata nguvu hushika njia ya kusini, safari ya zaidi ya kilomita 3,700, mpaka Ghuba ya Meksiko kwenye joto lake, wala haurudi kusalimia. Timu ya mpira wa kikapu ya Lakers, iliyopewa jina kwa heshima ya maziwa yetu, ilihamia Los Angeles mwaka 1960 na jina ikaondoka nalo. Timu ya magongo ya barafuni ya North Stars ilihamia Dallas mwaka 1993, ikalitupa lile neno la kaskazini njiani ikabaki Stars, na mwaka 1999 ikatwaa ubingwa wa ligi. Hata loon, ndege rasmi wa jimbo tangu mwaka 1961, majani yakianza kupukutika huenda zake pwani. Jua nalo mwezi wa Desemba linazama saa kumi na nusu jioni, na ukifanya kazi ya usiku, kama tufanyavyo wengi wetu kutoka Kenya, mnaweza kupishana wiki nzima.

Wanaobaki ni mbu, ambao mayai yao huvumilia majira ya baridi bila kulalamika, na mimi, nisiyeweza kuyasema hayo.

Bahari ndiyo inayoniuma zaidi. Wenyeji wakisikia nimetoka Mombasa hunihurumia, kisha hunielekeza Duluth nikalione Ziwa Superior. Nimekwenda. Ni kweli ng'ambo haionekani, meli za madini zinapita na mawimbi yanapiga. Lakini niliingiza mguu mwezi wa Julai nikautoa kabla haujafika kifundoni, na maji yenyewe hayana hata chembe ya chumvi. Chumvi pekee ninayokutana nayo katika jimbo hili ni ile inayomwagwa barabarani, na hiyo haina kazi kwangu ila kulitafuna gari langu.

Ama hiyo theluji yenyewe, mnaoiona katika kadi za Krismasi mmedanganywa. Utaamka alfajiri, uvae nguo zote ulizo nazo, uchukue koleo na kusafisha njia kutoka mlangoni hadi barabarani huku pua imekufa ganzi. Ukiisha kumaliza, na mgongo unaanza kunyooka, hupita lori la kusukuma theluji na kukuwekea mbele ya gari tuta jipya lililochanganyika na mchanga, gumu kama saruji. Dereva hukupungia mkono kwa upole. Na wewe, kwa kuwa uko Minnesota, ambako kukasirika hadharani ni jambo la aibu, unampungia pia na kumtakia siku njema.

Cha ajabu ni kwamba wenyeji wanaringia adha hiyo hiyo. Watakwambia, kwa sauti ya mtu anayetaja shahada ya mwanawe, kwamba tarehe 2 Februari 1996 kule Tower, mji wa kaskazini mwa jimbo, kipimo kilishuka hadi nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri. Ukithubutu kusema kwamba leo kuna baridi, watakuuliza ulikuwa wapi siku hiyo. Nilikuwa Likoni, nimevua shati.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu, huhamia Arizona kila Novemba na kuniachia ufunguo niwe nikimwangalilia nyumba. Mwezi wa Februari hupiga simu, nami husikiliza nikiwa nimevaa soksi jozi mbili, akilalamika kwamba Arizona ni nzuri ila haina maziwa ya maana. Lakini Arizona, mzee, ilijua kujisaidia: ilipata ziwa la Havasu bwawa lilipojengwa, kisha daraja likanunuliwa London, likabomolewa jiwe baada ya jiwe, kila jiwe likatiwa namba, likaja kufunguliwa upya mwaka 1971.

Sisi, mwaka 2023, wabunge wetu kule St. Paul, makao makuu ya jimbo, walikuwa na ziada ya dola zaidi ya bilioni 17. Walipitisha hundi za dola 260, na mwaka uliofuata tukapata bendera mpya yenye nyota ya kaskazini, kana kwamba kuna aliyesahau tuko upande gani. Baridi haikuguswa. Ziada ikipatikana tena, naomba wainunue wiki moja tu ya kaskazi ya Mombasa, waikate vipande, wavitie namba na kuja kuiunganisha hapa Minnesota, mjini Brooklyn Park. Mimi nitapokea mzigo, maana koleo ninalo.