Shemeji Anaulizia Volkano Inalipuka Saa Ngapi

Jamani, kuishi Mbeya kuna kifungo ambacho hakimu hakukisoma. Jana usiku nimeshavaa sweta la kulalia, ujumbe unaingia: "Shemeji, naja tena, na safari hii naja na wenzangu wa kazini. Utupeleke kwenye volkano inayowaka KWELI." Kweli! Utadhani ile ya mwaka jana nilimpeleka ya kukodi. Na chini ameweka vile vikatuni vya moto vitatu.

Wageni wa Dar mnawajua, sina haja ya kueleza. Mwaka jana mwezi wa saba shemeji anashuka stendi na shati la mikono mifupi, anauliza nani amewasha kiyoyozi. Blanketi langu zito likahama chumba usiku ule ule. Maji ya kuoga yakawa ya kuchemshwa kwa zamu, na bei ya mkaa nyie wenyewe mnaijua.

Basi akatoa orodha. Kimondo cha Mbozi tukaenda: akalizunguka lile chuma la tani kumi na kitu, akaligonga kwa ufunguo wa gari langu, akauliza kama kuna mtu wa chuma chakavu ameshapeleka bei. Tukaondoka kwa heshima iliyobaki. Daraja la Mungu, lava iliyoganda enzi hizo na mto Kiwira ukajipitia chini yake, yeye anauliza kwa nini halina kingo. Kijungu, pale mto huo huo unapozama kwenye shimo la mwamba, kikala kofia yake. Kitulo ndiyo usiseme. Amesoma mahali kwamba ni Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005, maua kila rangi. Sasa maua ya Kitulo yanachanua msimu wa mvua, yeye kaja Julai. Tukakuta nyasi na upepo wa kukata masikio. Mpaka leo anaamini kuna sehemu ya maua nilimficha.

Hayo yote niliyameza. Ngosi, mlima wa volkano wenye ziwa juu yake, ndiyo imenikaa kooni.

Tulipofika Isongole tukapata kijana wa kutuongoza, mpole, gambuti miguuni, panga mkononi. Shemeji yeye amevaa moka. Moka za kahawia, zimepigwa kiwi. Kijana akaziangalia, akaniangalia mimi, akanyamaza kwa adabu za kwao. Kabla hatujaanza kutembea shemeji akamwita pembeni, sauti ya mtu aliyezoea kuhudumiwa.

"Kijana, hii volkano inaanza saa ngapi?"

"Inaanza nini, baba?"

"Kulipuka."

"Ilishalipuka, baba."

"Leo?"

"Zamani."

Shemeji akanigeukia na uso wa msiba. "Unaona sasa? Si nilikwambia tutoke alfajiri!"

Na aliyetuchelewesha ni nani? Si yeye aliyekuwa anasubiri ndoo ya pili ya maji ya moto?

Tukapanda. Msitu ule una mianzi, una migomba ya porini, una tope la kuteleza ambalo halijali umetoka mkoa gani. Kijana akawa anatueleza taratibu kwamba mlima huu zamani ulikuwa na kichwa, ukalipuka, sehemu ya juu ikadidimia, kasoko, yaani lile shimo lililobaki, likajaa maji. Akaendelea kwamba Rungwe nao ulilipuka vibaya kama miaka 4,000 iliyopita, na Kyejo ulimwaga lava juzi juzi tu, miaka 200 na kidogo.

"Hazijafa, baba. Zimelala."

"Basi ziamshwe," shemeji akasema, "kiingilio tumelipa."

Hapo hapo mguu wa kushoto ukazama. Alipouvuta ukatoka na soksi tu, moka imebaki ndani ya tope, imekaa wima, kiwi bado inang'aa puani. Kijana akaichokonoa kwa fimbo. Nikageuka kutazama mianzi, maana kuna kicheko ambacho mtu mwenye heshima zake hatakiwi kukitoa mbele ya kaka wa mkewe. Kikanitoka kwa njia ya kikohozi.

Juu tukakuta ukungu. Tukasubiri. Ulipofunguka nikanyamaza hata mimi niliyezaliwa huku: ziwa la kijani chini kabisa, kuta za msitu zimelizunguka pande zote, wala hakuna mto unaotoka. Shemeji akalitazama kidogo.

"Hili ni bwawa."

"Ni ziwa, baba. Watu wanasema lina umbo la Afrika."

Akanyoosha kidole akaanza kuitafuta Dar es Salaam. Akaikosa. Akauliza moto uko wapi.

"Uko chini. Wataalamu wa jotoardhi wanasema joto la humo linaweza kutoa umeme."

Sasa hapo niliyeshtuka ni mimi. Umeme? Yaani nimesimama juu ya chungu kinachochemka, na nyumbani nimeacha yuniti mbili, mke kaniambia friji tuizime mpaka mwisho wa mwezi! Nikataka kumuuliza yule kijana utatoka lini, utapita wapi, nguzo nitalipia mimi tena au safari hii zinakuja zenyewe. Nikaona nitamwonea, mtoto wa watu anaongoza wageni tu.

Shemeji akataka kushuka majini. Kijana akasema, "Kushuka utashuka, baba. Kupanda tutamwachia Mungu." Goti la shemeji likaanza kuuma dakika ile ile. Ndipo akatoa simu, akafungua video, mto mwekundu unameza nyumba. "Hii ndiyo volkano!" Kijana akaitazama. "Hiyo ni Nyiragongo, baba. Goma, mwaka 2021. Watu walikimbia na watoto mgongoni." Shemeji akasikia Goma, hayo mengine yakampita. "Na kwetu inayowaka ipo?" Kijana akasema ipo, Oldoinyo Lengai, kaskazini, jirani na Ziwa Natron.

Kaskazini! Umepita Chalinze, umepita Morogoro, umepita Iringa, umekuja kuniwekea soksi za tope kwenye gari, na mlima wako uko kaskazini. Na hata huo ungemuudhi, maana lava yake mchana inaonekana nyeusi, ikishaganda na kupata unyevu inageuka nyeupe. Angedai fedha zake.

Kurudi, akaona viazi barabarani. Gunia. Akaona ndizi. Mikungu. Vyote ndani ya gari langu, shokapu zinalia mpaka Uyole, na Uyole kuna nini? Foleni. Malori ya Zambia mbele, malori ya Zambia nyuma. Nikashusha kioo, nikamuuliza mama mmoja parachichi bei gani. Akanitajia bei ya dawa. Nikamwambia mama, haya mbona yana makovu? Akasema yale mazuri yameshachaguliwa, baba, yanapanda meli kwenda Ulaya, haya ndiyo ya kwetu. Ya kwetu! Mti Rungwe, mvua Rungwe, udongo wa volkano hiyo hiyo iliyolala, mimi naachiwa lenye kovu. Nikampa noti. Chenji hana. Akaniambia nichukue tangawizi.