Hata kicheko kidogo kinasaidia

Kuna utafiti kuhusu kicheko wa Chuo Kikuu cha Basel kule Uswisi, wa 2020, umenigusa sana. Wanafunzi 41 wa saikolojia waliulizwa kupitia app ya simu mara 8 kwa siku, siku 14, umecheka mara ngapi, kwa nguvu kiasi gani, kuna kitu kimekukera, na ikaonekana mtu akicheka mara kwa mara lile la kumkera halimletei dalili nyingi za stresi, ila kicheko kuwa kikubwa au kidogo haikuleta tofauti. Hapo ndo penyewe! Mama alipolazwa nilikuwa nakaa pembeni ya kitanda kifua kimebana, meno nimeyauma, siku moja mdogo wangu kaingia wodini kavaa sweta nje ndani na hajui, mama akamwangalia akacheka kwa puani tu, na mimi nikacheka, nikasikia mabega yanashuka yenyewe. Ugonjwa ulikuwa palepale lakini ule mzigo niliuona mwepesi. Sisemi kicheko ni dawa, watu 41 ni wachache. Ila jamani mtu ana shida zake akicheka msimwambie "we huoni hali ilivyo", anaiona vizuri sana.