Ndege ilikuwa inajaa, na bado wakaifuta

Kazi yangu huku Uingereza ni kuingia kwenye ndege abiria wakishashuka, tunaokota vikombe, tunafuta meza, mikanda tunaikunja msalaba juu ya kila kiti, ndani ya dakika 25 wengine washapanga foleni. Sasa ndege ikirudi, kiti ambacho hakikukaliwa utakijua tu, mkanda bado uko vilevile msalaba. Kulikuwa na ruti moja fupi, dakika 50 hivi hewani, jamani kila jioni sikuti hata msalaba mmoja, imejaa tii. Halafu tukaambiwa inafutwa, na masaa yangu ya usiku yakaenda nayo.

Nikasema hawa watu wamerogwa. Mzee mmoja wa shifti yetu akanicheka, akaniambia kujaa sio kupata. Kupaa ndiko kunakokula mafuta, magurudumu na injini vinachoka kwa kila kupaa na kutua, uwanja nao unatoza ndege ikitua na unatoza kichwa cha abiria hata kama anaenda hapo tu. Na ndege ni moja, hawaulizi tu kama ruti ina faida, wanauliza ndege hiyohiyo ikipelekwa Spain na watalii italeta ngapi.

Tena kuna za kinyume, nusu tupu lakini haziguswi. Uwanja wa Heathrow, London, kampuni isipotumia nafasi zake za kutua na kupaa asilimia 80 inanyang'anywa, kwa hivyo inarusha tu ili isizipoteze. Ama ruti inaleta abiria wa kuunganisha, wale wanaoshuka na kupanda ndege nyingine ya mbali. Uganda Airlines ilikufa 2001 ikafufuka Agosti 2019, safari ya kwanza ilikuwa Nairobi, na watu wa nyumbani kila siku wanapiga kelele ati za nini hizo za karibu karibu, lakini bila wa Nairobi na Juba ile kubwa ya Dubai mngeijaza na nani? Hapo mimi nawatetea bana.

Kwetu Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, ndio nalia. Huku adui wa ndege fupi ni treni, kwetu ni basi la usiku. Shangazi yangu alipanda ndege ndogo ya Entebbe mara moja, wakampima yeye mwenyewe juu ya mizani pamoja na mkoba, kama gunia la simsim, na gunia lenyewe la simsim wakalikataa. Basi linabeba gunia, linabeba jogoo, linapita Karuma usiku kucha na asubuhi yuko Kampala kwa pesa kidogo. Ndege ya viti 12 hivi gharama inagawanywa kwa vichwa 12, tiketi itashukaje?

Lakini Scotland kuna kisiwa kinaitwa Barra, watu 1,200 hivi, ndege inatua juu ya mchanga wa bahari maji yakishatoka, na pesa ya tiketi isipotosha gharama, serikali ndiyo inalipia pengo. Arua ni jiji zima, ina wagonjwa wa kupelekwa Kampala, ina wafanyabiashara wa mpaka wa Kongo, na kila kitu tumewaachia wenye ndege wapige hesabu zao wenyewe! Serikali ingelipia hata safari tatu kwa wiki, kwa mkataba, anayeshindwa anatolewa.

Nilimwambia shangazi hivyo kwenye simu. Akauliza, hiyo ya mchangani jogoo wanakubali?