Italiki si pambo la kunyunyizia

Kompyuta ina tabia moja inayonikera: ukiiambia ilaze maneno na fonti uliyochagua haina italiki yake, yaani herufi za kulala zilizochorwa mahususi, huchukua herufi zilizosimama na kuziinamisha tu. Hiyo si italiki. Italiki ilitokana na mwandiko wa haraka wa wasomi na makarani wa Italia. Francesco Griffo aliichonga kwa ajili ya mchapaji Aldus Manutius huko Venice, na mwaka 1501 mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, yakachapwa kwa herufi hizo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wakati huo haikuwa ya kusisitizia neno mojamoja.

Kwa kuwa asili yake ni mwandiko, napenda italiki ambazo kalamu bado inaonekana ndani yake. Chukua Arrighi, italiki ya Frederic Warde, ambayo baadaye ilioanishwa na Centaur, fonti ya herufi zilizosimama ya Bruce Rogers. Haijalala sana. Kinachoibeba ni wembamba wake na jinsi viungo vya herufi vinavyoota. Katika "n", kalamu hushuka, kisha hupanda bila kunyanyuliwa na kuchomoka ubavuni mwa mguu wa kwanza; tao lake halilingani pande mbili. Serifu nazo, yaani vijimkia vya mwisho wa mistari ya herufi, ni alama za ncha bapa ya kalamu pale ilipoingia na ilipotoka, tofauti kabisa na vile vikanyagio vya herufi zilizosimama.

Fonti ya namna hii naipa shairi zima, dibaji, au barua iliyonukuliwa ndani ya kitabu. Kwa kuwa ni nyembamba, mshororo mrefu hauvunjiki ovyo. Ila mistari iachiwe nafasi, maana shingo na mikia yake ni mirefu. Kwenye maandishi madogo ya skrini siitumii. Nyuzi zake nyembamba humezwa.

Kosa kubwa ni kuandika neno zima kwa herufi kubwa zenye mikia ya madaha. Zinagombana, hakuna linalosomeka. Aldus mwenyewe alitumia herufi kubwa fupi zilizosimama wima kando ya italiki yake. Zapf Chancery, fonti ya mtindo huu aliyoibuni Hermann Zapf mwaka 1979, iliponzwa na jambo hilihili: iliwekwa tayari ndani ya printa, kila mtu akaibandika kwenye vyeti na mialiko, mara nyingi kwa herufi kubwa tupu. Watu wakaichoka. Ukiipanga kwa herufi ndogo, kwa ukubwa wa kutosha, utaona Zapf alionewa.