Seli nne au betri nzima?

Jumatatu asubuhi, gereji moja ya Nyakato, Mwanza. Kiti cha nyuma cha Toyota Aqua, gari la haibridi linalotumia petroli na umeme wa betri kubwa, kimeng'olewa na kuegeshwa ukutani. Sakafuni, juu ya kipande cha boksi, zimepangwa seli 20 za betri hiyo kama vitabu kwenye rafu, kila moja na namba yake iliyoandikwa kwa maka peni. Fundi anapita na mita ya volti: 7.9, 7.9, 7.8, 7.9. Ya kumi na moja inasoma 6.6. "Hii ndiyo mchawi," anasema. Dereva, kijana wa taksi za mtandaoni, anashusha pumzi. Seli moja tu!

Bahati yake, au bahati mbaya, fundi yule hakuishia hapo. Alichukua taa ya mbele ya gari, akaiunga kwenye seli moja moja kwa dakika mbili na kuzipima upya taa ikiwa inawaka. Zile za 7.9 zikaacha kufanana. Nyingi zilisimama juu ya 7.5, lakini namba tisa, kumi na kumi na mbili ziliteremka hadi chini ya 7. Majirani wa marehemu nao walikuwa wagonjwa.

"Sasa ni nne, mdogo wangu. Uamuzi ni wako na tajiri wako."

Kwenye vijiwe vya madereva, kuanzia Buzuruga hadi Kirumba, ubishi huu una kambi mbili. Moja inasema weka seli, gari lirudi barabarani. Nyingine inasema huko ni kushona nguo iliyooza, itatoboka pengine, kwa hiyo badili betri nzima umalize. Kila kambi ina mtu wa kumtolea mfano, na mara nyingi mifano yote ni ya kweli.

Sababu iko kwenye betri yenyewe. Kile mafundi wanachokiita seli ni kasha lenye seli sita ndani yake, kila moja ya volti 1.2. Makasha 20 ya Aqua ya kizazi cha kwanza yameungwa mfululizo kutoa volti 144. Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina 28, volti 201.6. Kwa kuwa yako kwenye mfululizo, umeme ule ule unapita kwa yote, na lililochoka halina pa kujificha. Gari likipanda mlima wa Isamilo, kasha hilo linakuwa la kwanza kuisha, likishuka linakuwa la kwanza kujaa. Kompyuta inalinganisha volti za makundi ya makasha hayo, na tofauti ikizidi inawasha taa ya onyo kwenye dashibodi na kuandika P0A80, msimbo ambao mafundi wa hapa wanautaja kama jina la mteja wa siku nyingi.

Kwa hiyo wa kambi ya kwanza hawajakosea: seli hizi hazifi zote kwa siku moja. Za katikati hupata joto zaidi na huchoka mapema, za pembeni zinaweza kuwa na uhai mrefu bado. Kutupa makasha 16 mazima kwa ajili ya manne ni anasa. Tena huwezi kusema utaachana na betri na kutembelea injini tu. Kwenye Aqua na Prius hakuna stata ya kawaida, betri kubwa ndiyo inayozungusha injini. Ikifa, gari ni kontena.

Wa kambi ya pili nao wana jibu. Ukichomeka kasha lenye nguvu katikati ya wazee, hujaondoa tofauti, umeihamisha tu. Baada ya miezi kadhaa mzee mwingine anadondoka, kiti kinang'olewa tena, unalipa ufundi tena, unapoteza siku tena. Nimeona gari lililofunguliwa mara tatu ndani ya mwaka, na kila mara mwenye gari aliambiwa "sasa limepona".

Kwangu, neno hilo "limepona" ndilo tatizo. Kubadili seli ni kununua muda, na kununua muda ni biashara halali kabisa, ilimradi muuzaji aseme kwamba anachouza ni muda. Fundi anayepima kwa taa, akatafuta makasha yanayolingana na yaliyobaki, akahamishia ya katikati pembeni, anakuuzia muda mrefu. Anayepima kwa mita peke yake na kubadili iliyosoma chini anakuuzia wiki.

Kinachonishangaza ni kwamba kambi zote mbili zikigombana hivi, bidhaa inayopita katikati bila kuulizwa ni betri nzima ya mtumba. Inakuja kutoka Japani, imefungwa vizuri, inang'aa. Mteja anaona amepata "betri nzima" kwa bei nafuu kuliko mpya. Lakini imetolewa kwenye gari la umri ule ule, pengine imekaa stoo miezi mingi ikijimaliza chaji taratibu, na dhamana yake mara nyingi ni ya kuwasha: ikiwaka mbele yako, mmeachana. Unalipa fedha nyingi kuondoa wazee wako na kuleta wazee wa watu. Mimi ningeikubali kwa sharti moja, kila kasha lipimwe kwa mzigo, kama kwa ile taa ya gari, kabla sijatoa hela. Muuzaji akikataa, basi amejibu.

Na betri mpya? Hapo watu hutishwa na bei ya shilingi. Jaribu kuipima kwa lita. Tuseme Aqua yako inakwenda kilometa 20 kwa lita, na gari la petroli tupu la ukubwa huo kilometa 12 na nusu. Dereva anayetembea kilometa 100 kwa siku anatumia lita 5 badala ya 8. Kwa siku 300 za kazi ameokoa lita 900. Mama anayekwenda kazini na sokoni, kilometa 15 kwa siku, anaokoa kama lita 160 kwa mwaka mzima. Chukua bei ya betri uliyotajiwa, igawe kwa bei ya lita ya leo, uone inakuchukua miezi au miaka mingapi. Kwa hesabu hiyo betri mpya ni ya dereva wa taksi, anayedhani haimfai, kuliko ya yule mama, ambaye angeishi vizuri tu na seli zilizopangwa kwa uangalifu.

Ila dereva huyo mara nyingi gari si lake. Tajiri anayepokea hesabu kila jioni hanunui mafuta. Lita zinazookolewa zinaingia mfukoni mwa dereva, gharama ya betri inatoka mfukoni mwa tajiri. Atachagua seli, na kwa upande wake hajakosea. Mwenye mkataba aliyebakiza miezi michache gari liwe lake anatazama jambo hilo hilo kwa jicho jingine kabisa.

Kuna na yale yasiyo na ubishi. Betri inapozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo kwenye kiti cha nyuma. Siku nilipofungua feni ya gari langu nilikuta vumbi limeshikana kama blanketi, nyuzi za kava la kiti, na vipande vya dagaa vilivyokauka, kumbukumbu ya viroba nilivyobeba kutoka Igombe na kuviegemeza palepale kwenye tundu. Kusafisha kulichukua saa moja. Halafu kuna betri ndogo ya volti 12: ikichoka huwasha taa za ajabu ajabu, na watu wameshauziwa seli kwa kosa lake. Ipimwe kwanza. Na betri kubwa usiifungue mwenyewe. Hata fundi wetu, aliyekuwa na kandambili lakini glovu za mpira mkononi, alichomoa plagi ya chungwa, ile inayokata umeme wa betri kubwa, na kusubiri dakika kumi kabla ya kugusa kitu.

Dereva alimpigia tajiri pale pale, simu ikiwa spika. Akaeleza yote: seli nne, majirani, taa, betri mpya, lita. Alieleza vizuri kuliko nilivyoandika hapa. Upande wa pili kukawa kimya kidogo.

"Gari linatoka lini?"

"Kwa seli nne, kesho mchana," fundi akajibu kwa niaba ya dereva, huku ameshachukua maka peni.

"Weka nne."