Open si kāi: mwalimu, anza na hali

Ukimfundisha Mchina Kiingereza, "open the light" itakufikia mapema. Masahihisho ya kawaida ni kumwambia asitumie open hapo, aseme turn on. Anaandika, anakubali, na wiki inayofuata anasema "open the TV". Taa haina kosa. Shida ilianza siku alipoandika kwenye daftari kwamba open ni kāi, kitenzi cha Kichina cha kufungua, na kila neno analojifunza baadaye analijenga juu ya mstari huo. Maoni yangu ni kwamba mstari huo usiandikwe kabisa, na kwamba open ifundishwe kwanza kama sifa ya kitu, kitenzi kifuate baadaye.

Kāi ni pana mno. Mchina huitumia kwa mlango na kwa taa, kwa gari akimaanisha kuliendesha, kwa kampuni akimaanisha kuianzisha, kwa mkutano akimaanisha kuufanya, hata kwa daktari anayeandika dawa. Maji yakichemka, kwake yame-kāi. Ua likichanua, lime-kāi. Herufi ya zamani, 開, ina milango miwili ya mbao, na katikati komeo linaloondolewa kwa mikono. Mwandiko uliorahisishwa katika miaka ya 1950 ulibakiza 开, mlango ukaondoka. Wazo lake ni kuondoa kizuizi ili kitu kianze kwenda, na ndiyo maana taa, gari na chungu cha maji vyote vinaingia humo bila taabu.

Mswahili analielewa kosa hili haraka, kwa kuwa naye hufungua redio na bomba. Ila kwetu kufungua gari ni kufungua milango yake, na mgeni rasmi akishafungua mkutano, kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Kāi huì ni mkutano mzima, toka mwanzo hadi watu kutawanyika. Ndiyo sababu mwanafunzi huandika "we opened a meeting for three hours", na Mwingereza akajiuliza ufunguzi gani unachukua saa tatu. Hapo mpe have a meeting.

Sasa asili ya open yenyewe, maana ndiyo inayoonyesha njia ya kufundisha. Ni neno la Kiingereza cha Kale, ndugu wa offen ya Kijerumani, na lina nasaba na up, juu. Mwanzo lilikuwa kivumishi: lilieleza hali ya kitu. Kitenzi kilizaliwa kutokana na kivumishi hicho, wakati huo kikiitwa openian. Close ilipita njia nyingine kabisa. Ilitoka claudere ya Kilatini, ikapitia Kifaransa, na ikaingia Kiingereza ikiwa kitenzi. Kwa hiyo hali ya kufungwa hutajwa kwa umbo lililonyambuliwa kutoka kitenzi hicho, closed, wakati hali ya kuwa wazi hubaki open tupu.

Wachina wengi hujikwaa hapo, na wanajikwaa pande zote mbili. Anayefuata mfano wa closed huandika "the shop is opened", sentensi inayomfanya msomaji amtafute aliyelifungua. Anayefuata mfano wa open huandika "the shop is close", na hiyo ina maana kwamba duka liko karibu. Usimpe kanuni ya kukariri. Mpe historia: open ilizaliwa kivumishi, closed imetokana na kitenzi. Mtu mzima hukumbuka sababu kuliko jedwali.

Kosa la tatu linatoka mle mle. Duka lina miaka kumi, naye anasema "the shop has opened for ten years", kwa kuwa Kichina humruhusu kuweka kāi na miaka kumi pamoja. Kiingereza hakiruhusu: kitenzi open ni tendo la mara moja, halidumu miaka. Kinachodumu ni hali, hivyo "has been open for ten years". Shule za sekondari za China hulifundisha jambo hili kwa orodha ya jozi za mtihani, die na be dead, borrow na keep, open na be open. Mwanafunzi anayeijua open kama hali tangu siku ya kwanza haihitaji jozi hiyo.

Darasani, chukua picha sita: mlango, dirisha, duka, kitabu, chupa, macho. Somo zima la kwanza liwe kuuliza na kujibu "Is it open?" na "No, it's closed", bila kitenzi hata kimoja cha kufungua. Somo la pili leta kitenzi kwa vitu vile vile. Taa, feni na simu zingoje somo la tatu, pamoja na turn on. Neno hilo lilitumika kwa mabomba ya maji na ya gesi kabla ya umeme, mtu akikizungusha kishikio kweli kweli. Mtaa wa Pall Mall mjini London uliwashwa taa za gesi mwaka 1807. Mwonyeshe kwa mkono namna ya kuzungusha, ataona turn imetoka wapi.

Kipimo cha kumwachia ni hiki: je, kitu kikifunguliwa, unaweza kuona au kupita ndani yake? Mlango, sanduku, faili na programu ya simu, ndiyo, open. Taa, hapana. Kompyuta ndiyo mtego, kwa sababu dǎkāi, neno jingine la Kichina la kufungua, hutumika kwa faili na kwa kompyuta yenyewe, lakini "open the computer" kwa fundi ni kuondoa skrubu. Kwenye mashine kubwa usiupuuze mtego huu. Kāi jī ni kuwasha mashine, na msimamizi wa Kichina akisema "open the machine" kwa fundi wa Mombasa au Dodoma, mmoja anafikiria swichi na mwingine anashika spana, mikono tayari kuingia ndani. Wote wawili wafundishwe start na stop kabla ya kitu kingine chochote.

Zimebaki open letter na open secret. Hizi ni rahisi, kwa sababu Kichina kina gōngkāi, hadharani, inayolingana nazo vizuri: gōngkāi xìn ndiyo barua ya wazi. Ziweke mwishoni mwa mafunzo. Angalizo ni kāifàng, neno la sera ya China ya 1978 ya kufungua milango ya uchumi. Likisemwa juu ya mtu, linaweza kugusa mambo ya mapenzi, kwa hiyo "she is very open" inaweza kusikika vibaya masikioni mwa Mchina, hata kama aliyesema alikusudia tu kwamba mama huyo hafichi mawazo yake.